Watoto sita, kibaraza kimoja: maswali kuhusu kucheza nje kwenye deikea ya nyumbani

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hapa Dar es Salaam. Baadhi ya wanaoleta watoto kupima uzito si wazazi wao. Ni walezi, akina dada na mabibi wanaolea watoto wa majirani majumbani, tangu mzazi anapowahi daladala alfajiri hadi anaporudi jioni. Maswali yao ya kucheza nje yanafanana sana, nami nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Nalea watoto sita. Mdogo ana miezi saba, mkubwa miaka minne. Wanahitaji kucheza muda gani kwa siku?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate angalau dakika 180 za kuuchezesha mwili kila siku. Akifika miaka mitatu, dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka mpaka aheme. Walezi wakisikia saa tatu wanashtuka, lakini hazichukuliwi kwa mkupuo. Nusu saa ya mpira asubuhi inahesabiwa, kutembea na wewe hadi gengeni kunahesabiwa, hata kucheza ngoma wakisubiri uji.

Huyo wa miezi saba, kama bado hajaanza kutambaa, mlaze kifudifudi mkekani akiwa macho, kidogo kidogo, jumla ifike nusu saa kwa siku. Mwongozo huohuo unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na mgongoni kwa mlezi pamo kwenye hesabu. Najua mbeleko inavyokuokoa wakati wa kupika. Lakini ukimaliza, mteremshe.

Na kwa nini nje? Mwanga wa mchana unasaidia macho: watoto wanaokaa nje muda mrefu wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona vitu vya mbali. Jua nalo huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo mifupa inaihitaji ili isipinde ikawa matege.

Sina uwanja. Nina kibaraza tu, na nje ni uchochoro unaopita bodaboda.

Uchochoro uache kabisa. Kibaraza kinatosha, na nasema hivyo kwa sababu nimeona. Nilimtembelea dada mmoja Manzese, saa tatu asubuhi, nikakuta watoto watano wamekaa ndani wanatazama katuni. Kibaraza chake kilikuwa hatua tisa kwa nne, nusu yake ikiwa imejaa madumu ya maji, jiko la mkaa na beseni la nguo. Tulihamisha vitu, tukafunga mlango wa uani kwa kamba, kisha akachukua kipande cha mkaa akachora miduara saba kwenye saruji. Mtoto wa miaka miwili aliruka wa kwanza, akaangukia makalio, akainuka, akarudia. Aliruka hivyohivyo mara kumi na zaidi. Katuni haikuulizwa na mtu mpaka uji ulipoiva.

Kabla ya kuwatoa, zunguka mwenyewe ukiwa umechuchumaa, ili uone yale anayoyaona mtoto. Ndoo ndiyo inayonipa hofu kuliko yote. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito. Akiinamia ndoo akatumbukia hawezi kujinyanyua, na maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha. Tena huzama kimya, bila kupiga kelele. Mwaga maji au weka kifuniko kinachobana. Angalia mfuniko wa chemba, usiwe wa bati lililooza. Kama ua wenu ni wa mnyaa, mtoto asiufikie, kwa sababu utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya. Ukimwingia, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Mbarika unaoota penye taka ung'oe, maana mbegu zake ni sumu.

Halafu kuna jambo ambalo sitalilegezea: wakati wa nje ni wa kuangalia watoto tu. Hakuna kuchambua mchele wala kushika simu. Kama unalea peke yako, injika maharage kabla hawajaamka au baada ya mchezo. Ukilazimika kuingia ndani, hata chooni, ingia nao wote.

Niwatoe saa ngapi? Jua la huku linachoma.

Linachoma kweli. Dar iko karibu na ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba, jua la mchana linapita utosini kabisa. Ratiba ninayowapa walezi ni saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha saa kumi jioni mpaka wazazi waanze kubisha hodi. Katikati ya hapo wakae kivulini au ndani, wale na walale. Mwembe au mwarobaini ukiwepo, mshukuru aliyeupanda. Kama haupo, khanga mbili zilizofungwa kwenye kamba ya nguo zinasaidia.

Desemba hadi Machi uwe makini zaidi. Hewa inakuwa na unyevunyevu, jasho halikauki, na mwili wa mtoto unashindwa kupoa. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye saruji, hesabu hadi tano. Ikikushinda wewe, nyayo zake haziwezi. Mtoto aliyekolea mchezo haombi maji, kwa hiyo wasimamishe kila baada ya dakika 20 kila mmoja anywe. (Aliye chini ya miezi sita anaendelea na maziwa ya mama peke yake.) Ukiona mtoto amelegea, ana ngozi ya moto, au mkojo wake ni mchache na wa njano iliyokolea, mpeleke kivulini, mvue nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji, mpepee, na umpe maji. Akichanganyikiwa, akizimia au akipata degedege, usisubiri mzazi arudi kutoka kazini. Hospitali, papo hapo.

Lakini asubuhi na jioni si ndiyo saa za mbu?

Umeuliza vizuri. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, ila mbu wa homa ya dengue anauma mchana, hasa asubuhi na kuelekea machweo, saa zilezile ninazokushauri. Dar tulipata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kuwafungia watoto ndani si dawa, kwani mbu huyu anaishi ndani pia. Anataga kwenye maji yaliyotuama: kifuu, tairi kuukuu, sahani ya chungu cha maua, kopo la rangi. Yai huchukua kama wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu kamili, hivyo chagua siku moja ya juma, mwaga maji yote na sugua vyombo. Wavalishe suruali nyepesi. Mtoto akipata homa kali, asipewe aspirini. Mzazi aitwe, na mtoto apelekwe kupimwa.

Nina mtoto mwenye selimundu (sikoseli), na mwingine mwenye ualbino. Si bora wabaki ndani?

Hapana, mama. Tafadhali usiwaweke dirishani kuwatazama wenzao. Mwenye selimundu acheze kwa mwendo wake, anywe maji zaidi ya wengine, na apumzishwe kabla hajachoka. Asilowe mvua wala kupigwa na baridi, maana kuishiwa maji, uchovu na baridi ndivyo vinavyoamsha maumivu. Homa kwake ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kukinga jua, na michezo yake iwe ya kivulini hata asubuhi. Macho yake mara nyingi hayaoni mbali, kwa hiyo tafuta mpira wa rangi kali. Ukiweka mchezo wa wote kivulini, hatajiona ametengwa.

Masika je?

Mvua ikikatika, watoke na viatu. Maji yaliyofurika wasiyakanyage kabisa, yanabeba vya chooni. Siku inayonyesha mfululizo, sogeza makochi, tandika mito, waruke humohumo.

Akianguka akagonga kichwa?

Akilia mara moja kisha akarudi mchezoni, mwangalie siku nzima na mwambie mzazi ukweli. Akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia isivyo kawaida, akizimia hata kidogo, akitoka damu au maji puani au masikioni, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Wazazi wananigombeza mtoto akirudi na vumbi. Wanasema atapata minyoo.

Wana sababu, na wasikilize. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya nyayo, kutoka kwenye udongo wenye kinyesi. Kwa hiyo viatu au kandambili kila wakati, eneo lisiwe karibu na choo, kucha fupi, na sabuni kabla ya uji. Mwulize mzazi kama mtoto amepata dawa ya minyoo. Kwa walio na mwaka mmoja hadi mitano hutolewa mara mbili kwa mwaka, pamoja na matone ya vitamini A, kwenye mwezi wa afya na lishe ya mtoto, Juni na Desemba.

Na vumbi lenyewe? Omba kila mzazi akuletee nguo moja kuukuu, ya kuchezea tu. Ibaki kwako, kwenye msumari wenye alama ya mtoto huyo. Jioni mwoshe miguu, mrudishe kwenye gauni alilokuja nalo, na mama yake akifika mwonyeshe ile nguo yenye udongo, umweleze alichofanya leo ambacho jana kilimshinda.