Rais anamteua Jaji wa Mahakama Kuu. Mbona hawezi kumtumbua?

Mkuu wa wilaya anaweza kulala na cheo akaamka hana. Taarifa fupi ya Ikulu inasema uteuzi wake umetenguliwa, basi. Kwa kuwa tumezizoea taarifa hizo, wengi wetu Tanzania tunaamini Jaji wa Mahakama Kuu naye yuko hivyo hivyo: aliyempa ndiye awezaye kumnyang'anya. Imani hiyo ina sababu. Jaji naye huteuliwa na Rais na kuapishwa mbele yake. Lakini mfanano unaishia hapo, na kumwondoa jaji ni habari nyingine kabisa. Wapo pia wanaodhani kwamba jaji haondolewi kamwe, au kwamba Bunge ndilo humpigia kura. Hapana. Anaondolewa, na Bunge halihusiki.

Kuingia kwake ni rahisi kueleza. Rais humteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na kwa kawaida anatakiwa awe na sifa za kisheria alizokaa nazo miaka 10.

Utamu uko kwenye Ibara ya 110A ya Katiba. Anayetaka kuielewa alifikirie sanduku la VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana. Mwenyekiti ndiye anayeitisha kikao na sanduku liko mbele yake, lakini kufuli ni tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Hata akiwa na hasira za namna gani, peke yake hafungui kitu. Rais naye anaweza kuanzisha jambo: akiona suala la kumwondoa jaji linahitaji kuchunguzwa, anaweza kumsimamisha kazi, kisha anateua Tume ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Tume hiyo ndiyo inayochunguza kama jaji ameshindwa kazi kwa maradhi au sababu nyingine, au amekuwa na mwenendo mbaya. Ikishauri aondolewe, Rais atamwondoa. Ikishauri abaki, anabaki.

Na kuna jambo linalonifurahisha kila ninapoisoma ibara hii. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe lazima wawe majaji, lakini si lazima wawe wa Tanzania. Nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inafaa. Jaji wa Ghana au wa India anaweza kuketi kuamua hatima ya jaji wa Mwanza, mtu ambaye hajawahi kunywa naye chai wala kugombea naye cheo.

Ulinzi wa namna hii si wa milele. Kenya iliufuta kwa majaji wake mwaka 1988, kwa marekebisho ya Katiba, kisha ikaurudisha mwaka 1990. Leo huko safari ya kumwondoa jaji huanzia Tume ya Utumishi wa Mahakama, si kwa Rais.

Kwetu kuna upenyo mmoja. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, lakini Rais akiona inafaa kwa manufaa ya umma, na jaji akikubali kwa maandishi, anaweza kumwongezea muda wowote atakaoutaja. Jaji wa miaka 59 anayetamani nyongeza hiyo hana Tume ya kumlinda. Anamtazama mtu mmoja tu. Mjadala wa Katiba mpya ukirudi, ningependa uanzie kwenye mstari huo.