Kuhesabiwa haki kwa imani ni nini?

Bibi yangu mzaa mama, alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho kijijini kwetu wilaya ya Masasi, alinitaka nimfungulie pindo la khanga. Ndani mlikuwa na kadi yake ya zaka, imekunjwa mara nne, kingo zimelainika kama kitambaa. Miezi mitano ya mwisho haikuwa na saini. "Mjukuu wangu," akasema, "nitakwendaje kwa Mungu na deni hili?"

Amebatizwa, amepata kipaimara, amelea yatima wasio wa tumbo lake. Bado aliamini kwamba huko aendako atasomewa kadi. Aliyokuwa hajaelezwa vizuri ni dhana hii: kuhesabiwa haki kwa imani. Maana yake ni kwamba Mungu humpokea mwenye dhambi na kumtangaza kuwa hana hatia kwa ajili ya Yesu Kristo, na mtu hulipokea hilo kwa kuamini. Halinunuliwi kwa matendo mema.

Nadhani ugumu mwingine uko kwenye maneno yenyewe. Haki hapa siyo ile anayoidai mkulima malipo ya korosho yanapochelewa. Ni hali ya kuwa sawa mbele za Mungu, kama mshtakiwa aliyeambiwa na hakimu aende zake. Na imani? Mitaani tukisema fulani ana imani, tunamaanisha ana huruma. Ndiyo maana msibani tunasikia, "Huyu mama alikuwa na imani, pepo ni yake," na msemaji anawaza vyakula alivyogawa. Katika barua za Paulo imani ni kumtegemea Kristo, kumwegemea kwa uzito wote.

Neno zito kuliko yote ni kuhesabiwa, nalo ni neno la daftari. Nenda ghala la chama cha msingi cha wakulima wakati wa msimu wa korosho. Gunia linapandishwa kwenye mizani, karani anasoma kilo, anaziandika mbele ya jina la mkulima. Sasa mfikirie mkulima ambaye mikorosho yake imeliwa na ugonjwa wa ubwiriunga. Hana gunia hata moja, na salfa, dawa ya kunyunyizia mikorosho, alikopa. Anasimama mtu mwenye mzigo mkubwa, anamwambia karani: "Kilo zangu ziandike kwa jina la huyu, na deni lake liandike kwangu." Karani anaandika. Yule mkulima hajapima kitu, lakini daftari linasema amepima. Hivyo ndivyo fundisho hili linavyomweleza Kristo na mwenye dhambi.

Paulo alilichukua neno hilo kwenye Mwanzo 15:6, Abrahamu alipomwamini Mungu na jambo hilo likahesabiwa kwake kuwa haki. Kisha katika Warumi 4 anauliza swali ambalo sisi wa kusini, watu wa jando, tunapaswa kuliona uzito wake: alihesabiwa lini, kabla ya kutahiriwa au baada yake? Kabla. Tohara inakuja sura ya 17 ya Mwanzo. Alama ilifuata, haikutangulia.

Martin Luther alikuwa mtawa aliyejitesa kwa kufunga na kuungama bila kupata amani, mpaka barua hiyohiyo kwa Warumi ilipomfungua. Mwaka 1517 alipinga biashara ya vyeti vya rehema, vilivyouzwa kwa ahadi ya kuondolewa adhabu ya dhambi, na Kanisa la Magharibi likagawanyika. Kwetu Waanglikana wako Masasi tangu 1876 na Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wako Ndanda tangu 1906, kwa hiyo ubishi huu umeingia hata ndani ya familia. Ila tusiwasingizie Wakatoliki kwamba wanafundisha kununua mbingu; nao husema neema hutangulia. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya jambo hili, ingawa tofauti hazikwisha zote.

Je, matendo mema hayana kazi? Yakobo, katika waraka wake wa Agano Jipya, anasema imani isiyo na matendo imekufa, na yuko sahihi. Anapomtaja Abrahamu anashika tukio la kumtoa mwanawe Isaka sadaka, Mwanzo sura ya 22, miaka mingi baada ya kuhesabiwa. Mkorosho hauwi mkorosho kwa sababu umezaa. Huzaa kwa sababu ni mkorosho. Ukikauka, usiniambie u hai.

Siku ile nilimsomea bibi Waefeso 2: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu." Akataka nirudie pale pa "wala si kwa matendo". Nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu, kadi iko mkononi.

"Basi yule jogoo mwekundu," akasema, "Jumapili umpeleke kanisani. Usimwambie padri ni deni. Mwambie bibi anashukuru."