Waziri Akiitwa Bungeni: Kipindi cha Maswali ni Nini, na Kinamfaa Vipi Mkazi wa Kisumu au Nakuru

Katika Bunge la Kenya, kipindi cha maswali ni muda ambao wabunge au maseneta humuuliza waziri kuhusu kazi ya wizara yake, mbele ya Spika, naye hupaswa kujibu. Swali huwa limeandikwa na kumfikia mapema. Jibu naye huja nalo limeandikwa, hulisoma ukumbini, kisha aliyeuliza na wenzake hupewa nafasi ya maswali ya nyongeza. Kila neno huingia kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma.

Wengi wetu huku, kutoka Nyalenda na Manyatta za Kisumu hadi Bondeni na Kivumbini za Nakuru, tunasikia redioni kwamba waziri fulani amebanwa na wabunge, tunachangamka kidogo, mambo yanapita. Hilo linaniuma, kwa sababu swali la bungeni ni mojawapo ya nafasi chache ambapo serikali kuu hulazimika kutoa jibu lenye tarehe, kiasi cha pesa na jina la mradi, na mwananchi akabaki na kitu mkononi cha kuidai baadaye.

Kwanza, kwa nini waziri "huitwa"? Kabla ya Katiba ya 2010 waziri alikuwa mbunge. Alikaa ukumbini na wenzake, na zamu ya maswali ilipofika yeye au waziri msaidizi alisimama akajibu. Katiba ikavunja utaratibu huo. Kifungu cha 152 kinasema waziri hawezi kuwa mbunge. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mfumo mpya ukaanza kazi, na wabunge wakajikuta ukumbini bila waziri wa kumuuliza. Kilichobaki ni Kifungu cha 153: waziri lazima afike mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti akihitajika, na ajibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini ya wizara yake.

Kwa hiyo kwa miaka mingi maswali yalihamia kwenye vyumba vya kamati. Kamati zina faida yake: kuna muda, na stakabadhi hukaguliwa ukurasa kwa ukurasa. Lakini mara nyingi mbunge aliyetaka taarifa ukumbini alisomewa karatasi na mwenyekiti wa kamati, karatasi iliyotoka wizarani. Mwenyekiti hakuijua barabara inayozungumziwa wala hakuwahi kuuona mradi wenyewe. Ukimuuliza swali la nyongeza, atakuambia atarudi wizarani kuuliza.

Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wawili, Moses Wetang'ula wa Bunge la Taifa, ambaye ni mtu wa Bungoma, na Amason Kingi wa Seneti, akipendekeza mawaziri warudi kujibu ukumbini. Kanuni za Kudumu, yaani taratibu za kuendesha vikao vya Bunge, zikarekebishwa, na tangu 2023 mawaziri wamekuwa wakifika mbele ya mabunge yote mawili, aghalabu siku za Jumatano. Bado si wabunge. Hawapigi kura. Wanakuja kujibu, kisha wanaondoka.

Sasa tufike mahali ambapo maswali mengi huharibikia: kumuuliza asiyehusika.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Chukua makazi. Sera ya makazi ni ya serikali kuu. Mipango na maendeleo ya kaunti, nyumba zikiwemo, ni kazi ya kaunti. Mtu anayepanga katika nyumba kuukuu za iliyokuwa manispaa ya Nakuru, kama zile za Flamingo au Kivumbini, landilodi wake ni kaunti. Paa likivuja, mfereji wa majitaka ukifurika mlangoni, au kodi ikipandishwa, Waziri wa Ardhi na Makazi hana la kujibu, na akijibu atasema kwa adabu kwamba hiyo ni kazi ya kaunti. Atakuwa amesema kweli. Swali hilo ni la mwakilishi wadi kulipeleka katika Bunge la Kaunti, ambako kuna mawaziri wa kaunti walioteuliwa na gavana, nao wana wajibu wa kufika mbele ya kamati za bunge hilo.

Lakini nyumba za bei nafuu zinazojengwa kwa Ushuru wa Nyumba ni habari nyingine. Huo ni mpango wa serikali kuu. Mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kabla ya makato, na mwajiri huongeza asilimia 1.5. Mwalimu wa shule ya kibinafsi Kisumu anayelipwa shilingi 30,000 hukatwa 450 kila mwezi, na shule inalipa 450 nyingine. Ushuru huo ulianzia katika Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaubatilisha Novemba mwaka huohuo, kisha Bunge likapitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024. Pesa zinakusanywa na serikali kuu kwa sheria ya Bunge la Taifa. Hapo waziri hana pa kukwepea, na mwalimu yule ana haki kamili ya kutaka kujua pesa zake zimejenga nini na nani anakabidhiwa funguo.

Afya nayo ina mtego uleule. Dawa zikikosekana katika zahanati ya kijiji kule Vihiga, hilo ni la kaunti, kwa sababu zahanati na hospitali za kaunti ziko chini ya magavana. Lakini mgonjwa akirudishwa nyumbani Kakamega kwa kuambiwa kwamba SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali kuu iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haijailipa hospitali, swali ni la Waziri wa Afya. Mgonjwa ni yuleyule na kitanda ni kilekile, ila wa kuulizwa ni wawili tofauti. Barabara pia: ile kuu ya Kisumu kwenda Kakamega iko chini ya KeNHA, mamlaka ya serikali kuu, kichochoro cha mtaani huenda ni cha kaunti. Elimu ni rahisi zaidi, kwani chekechea ni ya kaunti, na shule za msingi na sekondari ni za wizara.

Maji ndiyo yanayochanganya kuliko yote. Kampuni inayokuletea maji ya mfereji na kukutumia bili ni ya kaunti. Mabwawa makubwa hujengwa na mashirika ya serikali kuu. Bwawa la Itare kule Kuresoi lilizinduliwa 2017, likitarajiwa kupeleka maji hadi mji wa Nakuru. Kazi ilisimama baada ya kampuni ya Italia iliyopewa kandarasi, CMC di Ravenna, kukwama kifedha mwaka wa 2018. Mkazi wa Nakuru anayenunua maji kwa mtungi ana maswali mawili hapo. Kwa nini mfereji wa mtaani ni mkavu? Hilo ni la kaunti. Bwawa limefikia wapi, na pesa zilizokwisha kutumika zimefanya nini? Hilo ni la Waziri wa Maji, na linastahili kurudiwa kila mwaka hadi maji yafike.

Ukishampata wa kuulizwa, kuna namna ya kuuliza. Tuseme mbunge wa upande wa Nakuru ameandika hivi: "Je, Waziri anaweza kueleza ni hatua gani serikali inachukua kuboresha makazi katika Kaunti ya Nakuru?" Swali hilo linasikika vizuri, na ndilo waziri yeyote angelipenda. Atasimama asome kwamba serikali imejitolea, kwamba mipango iko katika hatua mbalimbali, kwamba wananchi wawe na subira. Dakika tano zimeisha, na hakuna neno hata moja unaloweza kulishika ukamrudia nalo baadaye.

Sasa lisome likiwa limekazwa: "Je, Waziri anaweza kueleza (a) ni nyumba ngapi za bei nafuu zilizokamilika katika Kaunti ya Nakuru kufikia leo, mradi kwa mradi, (b) ni ngapi kati yake zimetengewa watu wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, (c) vigezo vilivyotumika kuwachagua waliopewa, na (d) tarehe ambayo nyumba zilizobaki zitakabidhiwa?"

Kipengele cha (b) ndicho chenye meno. Sheria ya 2024 imezigawa nyumba hizi kwa kipato: kuna nyumba za jamii kwa wanaopata chini ya 20,000 kwa mwezi, na nyumba za bei nafuu kwa wanaopata kati ya 20,000 na 149,000. Kuna pia fungu la wanaozidi hapo. Mama anayeuza samaki Dunga hayuko fungu moja na afisa wa benki. Waziri akitaja jumla tu ya nyumba zilizojengwa, hatujui kama mama yule ametengewa hata chumba kimoja. Akilazimika kutaja idadi ya fungu lake, tunajua. Ndiyo maana nasema swali zuri huwa limeanza kwa kuisoma sheria yenyewe, na mbunge asiyeisoma anapoteza nafasi ya watu wake.

Swali la nyongeza ni mtihani mwingine. Jibu la kwanza limeandaliwa na maafisa wa wizara. La nyongeza humkuta waziri bila karatasi, na hapo ndipo hujulikana kama anaifahamu wizara yake. Mbunge aliyekwenda kwenye mradi mwenyewe, akaona lango limefungwa kwa kufuli na nyasi zimeota kwenye zege, atamwambia waziri hivyo moja kwa moja. Yule aliyekuja ukumbini kutafuta makofi atatoa hotuba, Spika atamkatiza, na nafasi itaenda kwa mwingine. Hansard zetu zina hotuba nyingi mno za namna hiyo, na inasikitisha kuzisoma ukijua kuna watu waliokuwa wakingoja jibu.

Na waziri akitoa ahadi? Bunge la Taifa lina Kamati ya Utekelezaji, ambayo kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi zilizotolewa ukumbini na serikali. Kamati hii haisikiki sana redioni, ila ndiyo inayopaswa kumuuliza waziri baada ya miezi: ulisema Juni, mbona ni Desemba? Asiyetaka kufika mbele ya kamati naye ana Kifungu cha 125 cha kumkabili, kinachozipa kamati za Bunge mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuwaita mashahidi na kudai stakabadhi.

Wapo wanaodhani wabunge wasiporidhika na jibu wanaweza kumfuta waziri kazi papo hapo. Hapana. Waziri anawajibika kwa Rais. Kumwondoa ni safari ndefu: hoja iungwe mkono na robo ya wabunge wote, theluthi ya wabunge wote waipitishe, kamati ya watu 11 ichunguze kwa siku 10, na madai yakithibitika, wengi wa wabunge wote wapige kura ya kumtaka Rais amwachishe kazi. Tuliiona 2024, wakati wakulima wa magharibi na Bonde la Ufa walipouziwa mbolea ghushi. Mbunge wa Bumula, Jack Wamboka, aliwasilisha hoja dhidi ya Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi. Hoja ilipita hatua ya kwanza. Kamati ya watu 11 ilipomaliza Mei 2024 ikasema madai hayakuthibitishwa, na suala likafia hapo. Kwa mkulima wa Bungoma aliyekuwa tayari amepanda kwa mbolea ile, hayo yalikuwa maumivu juu ya maumivu.

Tena mwananchi hana ruhusa ya kusimama ukumbini kuuliza. Swali lake lazima libebwe. Anaweza kulipeleka kwa mbunge wa eneo lake, kwa seneta wake au kwa mwakilishi wa kike wa kaunti, na si lazima awe mtu wa chama chao. Aende nalo limeandikwa: jina la mradi, mahali ulipo, kilichoahidiwa na tarehe ya ahadi, picha kama ipo. Aandike kwa Kiswahili akitaka, maana Kifungu cha 120 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kanuni nazo zinamtaka mbunge aliyeanza kuzungumza kwa Kiswahili amalize kwa Kiswahili.

Mbunge akilikalia, njia haijafungwa. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka yake, na ombi hilo hupelekwa kwenye kamati husika. Na kama anachotaka ni taarifa tu, mathalani orodha ya miradi au kiasi kilicholipwa mkandarasi, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuiandikia wizara yenyewe bila kupitia kwa mwanasiasa yeyote. Wizara inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Jibu hilo akilibandika nyuma ya swali kabla ya kumpelekea mbunge, waziri atakapofika ukumbini atakuta karatasi yenye muhuri wa wizara yake imemtangulia.