Kusasisha maktaba ya riverebu za kizamani: yanayodhaniwa na yalivyo

Maktaba ya riverebu (vifaa vya kuiongezea sauti mwangwi) za kizamani huwa imechanganya vitu viwili. Kuna plagini, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya programu ya studio, zinazoiga mashine za zamani kwa hesabu, na kuna mafaili ya WAV yaliyorekodiwa kutoka kwenye mashine zenyewe, ambayo plagini ya konvolusheni huyatumia kuivalisha sauti yako mwangwi huohuo. Haya ya pili tutayaita mafaili ya mwitikio. Vurugu nyingi za wakati wa kusasisha zinatokana na kuvitendea vitu hivi viwili kama kimoja.

“Nyimbo zilizokwisha haziguswi na sasisho”

Zinaguswa. Programu ya studio haiweki sauti ya riverebu ndani ya projekti. Inachoweka ni utambulisho wa plagini na jinsi vitufe vyake vilivyokaa. Ukifungua projekti ya mwaka jana, mwangwi unatengenezwa upya na toleo lililomo kwenye kompyuta leo. Kama mtengenezaji amegusa kichujio au ameshusha kiwango kwa desibeli 2, miksi imebadilika na hutaona ujumbe wowote wa onyo.

Kwa hiyo, kabla ya kusasisha, fungua kila projekti ambayo mteja anaweza kuirudia, toa chaneli ya riverebu peke yake kama WAV ya biti 24, na uiweke kwenye folda ya projekti hiyo. Andika na namba ya toleo. Kisakinishi cha toleo la zamani usikifute, maana baadhi ya watengenezaji hukiondoa kwenye tovuti mara jipya linapotoka.

Kujua kama kuna kilichobadilika, usitegemee masikio pekee. Chukua mlio mmoja wa snea (ngoma ndogo kali), uache ukimya wa sekunde 10 nyuma yake, uupitishe kwenye riverebu ikiwa asilimia 100 bila sauti kavu (ile isiyo na mwangwi), kisha utoe WAV. Sasisha, urudie vilevile. Ziweke WAV mbili sambamba na ugeuze poleriti ya moja, yaani mawimbi yake yawe juu chini. Zikifutana hadi kimya, toleo ni lilelile kwa sauti. Mwangwi uleule ukibaki kwa mbali, ni kiwango kimehama. Ukibaki msisimko wa juu tu, kuna kichujio kimeguswa.

Jaribio hili lina mtego wake. Riverebu zenye modulesheni (mwangwi unaotikisika polepole) mara nyingi hazifutani hata toleo moja likipimwa dhidi yake lenyewe, kwa sababu kila mara mtikisiko unaanzia mahali tofauti. Ndiyo maana unatoa WAV mbili za toleo la zamani kwanza. Hizo zisipofutana, jaribio halifai kwa plagini hiyo, na utalinganisha muda wa kufifia na kiwango kwa mita.

“Faili la mwitikio limeinasa mashine nzima”

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Konvolusheni hunasa mfumo usiobadilika na wakati na usiobadilisha tabia kwa ukubwa wa sauti. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila mashine ni hili: inabadilika?

EMT 140, sahani ya Kijerumani iliyotoka 1957, haibadiliki sana. Ni bati la chuma la takriban mita 1 kwa 2, unene wa nusu milimita, limetundikwa ndani ya fremu, na mtambo wote una uzito wa kilo 270 hivi. Chuma hicho hutikisika kwa uaminifu, hivyo faili la mwitikio linaweza kukupa sahani inayoaminika kabisa. Tatizo ni kizimio chake, kile kinachopunguza mtikisiko wa bati: kikisogea, mwangwi unatoka kwenye sekunde 1 hivi hadi 5, na tabia ya besi inabadilika pia. Kila nafasi ya kizimio inahitaji faili lake. Maktaba yenye faili moja la EMT 140 na kitufe cha “muda” inalipunguza faili hilo kwa kulififisha mapema, na hiyo si sawa na kusogeza kizimio. Toleo jipya likileta nafasi saba badala ya moja, hilo ni sasisho la maana.

Springi, yaani riverebu inayopitisha sauti kwenye waya uliojikunja, ni nusu kwa nusu. Ikiguswa kwa upole inanaswa vizuri, pamoja na ule mlio wake wa kudondoka. Ikipigwa na gitaa kwa nguvu, transduza (kinachogeuza umeme kuwa mtikisiko na kurudi) na amplifaya zinalemewa, na faili halina habari na hilo. Weka plagini ya disto (ya kukwaruza sauti) nyepesi kabla ya konvolusheni, itakusogeza karibu.

Lexicon 224, riverebu ya kidijitali ya 1978, ni habari nyingine. Sehemu ya uzuri wake ni modulesheni, yaani mistari ya ucheleweshaji inayotembea polepole ili mwangwi usilie kama kopo. Faili la mwitikio ni picha ya papo moja ya kitu kinachotembea. Kwenye ngoma utaridhika, lakini kwenye noti ndefu ya kinanda utasikia mwangwi umeganda. Kwa mashine za aina hii tafuta plagini ya hesabu, na ukiona sasisho linakuongezea mafaili 40 ya 224, usihesabu kwamba umepata mashine 40.

Jina lisikupotoshe upande wa pili: programu ya NonLin (yaani “isiyonyooka”) ya riverebu ya kidijitali AMS RMX16, ile ya snea nzito zinazokatika ghafla za miaka ya 1980, inanaswa vizuri. Kisichonyooka ni umbo la kufifia kwake.

“Ladha ya zamani ni kelele na biti chache”

EMT 250 ya 1976, riverebu ya kwanza ya kidijitali kuuzwa, ilifanya kazi kwa kasi ya sampuli ya 24 kHz, yaani ilipima sauti mara 24,000 kwa sekunde. Kwa hesabu tu haiwezi kupitisha chochote juu ya nusu ya hiyo, yaani 12 kHz. Ukitaka kuikaribia, kichujio cha kukata juu kinafanya kazi kubwa kuliko kitufe cha kukwaruza. Kelele ya feni na mvumo wa umeme vilikuwa usumbufu ambao mafundi walipigana nao. Toleo jipya likiwa na kitufe cha “kelele”, kizime, hasa ukiwa na riverebu tano kwenye miksi moja, kelele zinajumlishana.

“Nikibadili mafaili yote kuwa 96 kHz yatakuwa bora”

Hayatakuwa. Kilichorekodiwa kwa 44.1 kHz hakiongezeki kwa kubadilishwa. Kilicho muhimu ni plagini yako ibadilishe kasi ipasavyo. Isipofanya hivyo, faili la sekunde 3 lililorekodiwa kwa 44.1 likichezwa kwenye projekti ya 48 linakuwa sekunde 2.76, na rangi yake inapanda karibu semitoni moja na nusu. Kwenye projekti ya 96 linabaki sekunde 1.38. Sahani ikianza kusikika kama ndogo baada ya kusasisha, anzia hapa.

“Safisha mafaili: kata ukimya, pandisha vilele vyote hadi sifuri”

Mafaili ya stirio kamili yana chaneli nne: kushoto kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto, kulia kwenda kulia. Ukikata mwanzo wa kila chaneli kivyake, umeharibu tofauti za muda zinazokupa upana. Kata zote nne kwa idadi ileile ya sampuli, ukifuata ile inayoanza mapema zaidi. Kuzipandisha vilele kila moja kivyake kunavuruga mizani kwa namna hiyohiyo. Isitoshe, kilele hakielezi ukubwa wa mwangwi: faili lenye pigo kali mwanzoni na lenye mkia mrefu yanaweza kuwa na kilele sawa huku la pili likisikika kubwa mara mbili. Sawazisha kwa jumla ya nishati ya faili zima.

Mkia nao ukatwe pale unapozama kwenye kelele ya chumba, kwa mteremko mpole, si kwa kisu.

“VST3 itaingia yenyewe palipokuwa VST2”

VST2 na VST3 ni miundo miwili ya plagini, ya zamani na mpya. Mara nyingine huingia, pale mtengenezaji alipoziunganisha kwa utambulisho. Pengine programu inaona plagini mbili tofauti na projekti inafunguka na nafasi tupu. Steinberg, kampuni iliyobuni VST, iliacha kutoa kifurushi cha VST2 kwa watengenezaji wapya Oktoba 2018, hivyo maktaba nyingi mpya huja na VST3 peke yake. Kabla ya kuifuta VST2, fungua projekti, hifadhi priseti (mpangilio wa vitufe), ipakie kwenye VST3, halafu angalia otomesheni (mabadiliko ya vitufe yaliyorekodiwa) mstari kwa mstari, kwa sababu namba za vitufe zinaweza kuwa zimehama. Kwenye Mac zenye chipu za Apple, plagini ya Intel pekee mara nyingi itahitaji programu yote ya studio iendeshwe kupitia Rosetta 2, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel.

Na usisakinishe umeme ukiwa wa mashaka. Uhamishaji wa mafaili ukikatika katikati, plagini inaweza kufunguka vizuri huku nusu ya priseti zikiwa kimya, na utadhani ni toleo bovu.