Kuinua Nyusi kwa Upasuaji wa Matundu Madogo: Yanayofanyika na Namna ya Kupona

Wagonjwa wengi wanaokuja kliniki wakiwa na nyusi zilizoshuka hawazitaji nyusi kabisa. Wanasema macho yamelegea, kazini wanaulizwa kila siku kama wamelala, nyumbani watoto wanadhani mama amekasirika. Ukiwatazama, paji la uso limejaa mikunjo, kwa sababu msuli wa paji unafanya kazi kutwa nzima kuzishikilia nyusi zisifunike macho.

Kabla ya neno upasuaji kutajwa, namwomba mgonjwa aketi wima, afumbe macho, alegeze paji, kisha afumbue polepole bila kulikunja. Hapo ndipo nyusi hujionyesha zilipo. Zikiwa zimeshuka chini ya ukingo wa mfupa wa juu wa jicho, tatizo ni nyusi. Zikiwa mahali pake lakini ngozi ya kope imezidi na kuning'inia, tatizo ni kope, na tiba yake ni nyingine. Wapo wenye yote mawili. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mtu akipunguzwa ngozi ya kope wakati nyusi ndizo zilizoshuka, anaweza kutoka na nyusi zilizo chini zaidi: paji halina tena sababu ya kuzivuta juu, basi linalegea.

Kama ushi (nyusi moja) au kope imeanguka ghafla, hasa upande mmoja, hilo si suala la urembo. Ikiambatana na mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, huenda ni kiharusi. Kope zinazolegea zaidi jioni kuliko asubuhi, pamoja na kuona vitu viwili viwili, nazo zinahitaji uchunguzi wa mishipa ya fahamu na misuli kwanza.

Sasa upasuaji wenyewe. Zamani daktari alipasua kichwani kutoka sikio hadi sikio. Tangu miaka ya 1990 imeenea njia ya matundu madogo: matatu hadi matano, kila moja la sentimita moja au mbili, yaliyofichwa nyuma ya mstari wa nywele. Kupitia tundu moja huingia kamera nyembamba, kupitia mengine vifaa. Kazi huchukua saa moja hadi mbili, kwa nusu kaputi au kwa ganzi pamoja na dawa ya kusinzisha.

Ningependa kila anayefikiria tiba hii aelewe kwamba matundu ni madogo, lakini upasuaji si mdogo. Chini ya ngozi, daktari anatenganisha paji zima na mfupa wa fuvu hadi kwenye ukingo wa jicho, na pale ukingoni anazikata nyuzi za tishu zinazoivutia ushi chini. Asipozikata, ushi hurudi ilikotoka. Misuli inayokunja katikati ya nyusi nayo hupunguzwa nguvu. Kisha paji huvutwa juu na kushikizwa kwa nyuzi, skrubu ndogo au vishikizo vinavyoyeyuka mwilini, hadi tishu zigande upya kwenye mfupa. Ukipapasa kwa kidole ukingo wa mfupa juu ya jicho, upande wa ndani, wengi wenu mtagusa kijibonde. Hapo hutokea neva, yaani mshipa wa fahamu, inayoleta hisia kwenye paji na ngozi ya kichwa. Kwenye panja hupita neva nyingine, inayoinua ushi. Kamera ipo ili neva hizo zionekane na zikwepwe.

Njia hii haimfai kila mtu. Hunyanyua kidogo mstari wa nywele, kwa hiyo mwenye paji refu tayari anaweza kushauriwa njia nyingine, na mwenye upara hana mahali pa kufichia makovu. Aliyewahi kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, aseme mapema, hata kama ilikuwa ya tundu la hereni.

Maandalizi huanza kwa ukweli. Taja kila dawa unayotumia, pamoja na mitishamba, vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya habat soda unayokunywa, kwani baadhi huongeza kutoka damu. Lakini usiache mwenyewe aspirini au dawa nyingine ya moyo bila daktari aliyekuandikia kukubali. Shinikizo la damu lazima liwe limetulia. Mwenye selimundu au kisukari asifiche. Sigara iachwe angalau wiki nne kabla na iendelee kuachwa baadaye, maana hupunguza damu inayofika kwenye ngozi na kuchelewesha vidonda. Nywele hazinyolewi, hugawanywa tu. Hivyo fumua misuko na uoshe kichwa vizuri.

Usiku wa kwanza lala chali, kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Maumivu kwa kawaida ni ya wastani na hutulizwa na parasetamoli au dawa utakayopewa. Siku ya pili na ya tatu ndizo huwatisha ndugu: uvimbe hushuka kutoka kwenye paji hadi kwenye macho, na asubuhi kope zinaweza kukaribia kufunga kabisa. Kinachoendelea ni maji ya uvimbe kuteremka, na hupungua siku zinazofuata. Kwenye ngozi nyeusi damu iliyovilia huonekana hafifu, kwa hiyo msitegemee rangi. Angalieni kama upande mmoja unavimba haraka kuliko mwingine, unakaza na kuuma zaidi kila saa. Hiyo inaweza kuwa damu inayojikusanya ndani, na mgonjwa arudishwe hospitali bila kusubiri kesho. Vivyo hivyo kwa kuona ukungu, usaha, homa, au jicho kushindwa kufumba.

Barafu ifungwe kwenye kitambaa na iwekwe kwa dakika chache juu ya kope, kamwe isiwekwe moja kwa moja. Paji na kichwa vitakuwa na ganzi kwa wiki au miezi, na ngozi isiyohisi haikuonyi inapoungua. Kwa sababu hiyohiyo nawaomba kina dada wasikae chini ya drayer ya saluni wala kutumia kitana cha moto hadi hisia zirudi. Rangi, dawa za nywele na misuko ya kukaza visubiri ruhusa ya daktari. Hisia zinaporudi huja na muwasho, kama siafu wanatembea kichwani. Muwasho huo ni neva zinazoamka. Usikune kwa kucha.

Kuinama huongeza shinikizo kichwani, na Waislamu huniuliza kuhusu sujudu. Kusujudu siku za mwanzo kunainamisha kichwa na kugusisha sakafuni ngozi ambayo bado haijashika. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi kwa kuashiria. Zungumza na sheikh wako pamoja na daktari kuhusu muda. Kofia ngumu ya bodaboda, ndoo ya maji kichwani na kilemba cha kubana navyo vikae kando hadi daktari aridhike.

Nyuzi au pini hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 10. Kazi ya mezani wengi huirudia baada ya siku 10 hadi 14; mazoezi mazito na kubeba mizigo, baada ya wiki nne hivi. Mwanzoni nyusi zitaonekana zimepanda mno, kama mtu aliyeshtuka. Hutulia taratibu, na matokeo hayahukumiwi kabla ya miezi kadhaa. Nywele kuzunguka vidonda zinaweza kunyonyoka, na mara nyingi huota tena. Ushi moja ikishindwa kunyanyuka, mwambie daktari mapema: neva iliyovutwa kwa kawaida hupona kwa wiki au miezi, ila lazima ifuatiliwe.

Kwa wanaosafiri kwenda Uturuki au India kwa upasuaji huu, msipange ndege ya kurudi kabla ya nyuzi kutolewa na daktari kuwaruhusu kuruka. Rudini na ripoti ya upasuaji inayoonyesha kilichotumika kushikiza paji, kwa sababu daktari wa hapa akikutana na tatizo asijue kama ndani kuna skrubu au uzi tu, huanza kutibu akiwa gizani. Na kabla hamjaondoka, mtafuteni huyo daktari wa hapa, mumweleze, mhakikishe amekubali kuwapokea mkirudi.