Kinga tatu kwenye karatasi, mlango mmoja kwenye mtandao

Fundi akiniambia "usalama wa mtambo", lazima kwanza nimuulize ana maana ipi. Kuna kumkinga mtu na mtambo: boila isipasuke, mkono usinaswe na konveya, tangi lisifurike. Na kuna kuukinga mtambo na mtu: asiyehusika asipenye kwenye mtandao akabadilisha programu ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mtambo. Hapa la kwanza nitaliita usalama, la pili ulinzi. Viwandani mambo haya huwa na watu wake, vikao vyake na majalada yake, na sehemu kubwa ya kazi yangu ya kutathmini hatari imekuwa kuwakalisha watu hao meza moja. Sababu yake inaonekana vizuri kwenye tangi.

Tuseme ni tangi la petroli. Pampu inalijaza, kipima kina kinapeleka kipimo kwenye PLC, na PLC inazima pampu kina kikifika kiwango kilichowekwa. Wahandisi wanakaa kufanya HAZOP, yaani wanapita bomba kwa bomba wakijiuliza: mtiririko ukizidi itakuwaje? Ukikatika? Ukirudi nyuma? Wanafika kwenye "kina kimezidi". Sababu: kipima kimekwama. Matokeo: tangi linafurika, mvuke unatanda, moto. Kisha wanahesabu kinga. Tuseme kipima na PLC vinakosea mara moja katika miaka 10. King'ora cha kina cha juu kikilia, opereta anashindwa kuchukua hatua mara moja kati ya 10. Nyuma yake kuna mfumo wa dharura wenye kipima chake na vali yake, wa kiwango cha SIL 2 (SIL ni ngazi za kupima mfumo wa usalama unategemeka kiasi gani). Mfumo wa kiwango hicho unapohitajika hautakiwi kushindwa zaidi ya mara moja kati ya 100. Zidisha zote: mara moja katika miaka 10,000. Kikao kinaridhika, karatasi inasainiwa.

Hesabu hii naiheshimu, nami huifanya. Ila inasimama juu ya sharti moja, kwamba kila kinga inashindwa kivyake, kwa sababu yake. Kutu haipangi. Haili kipima leo huku ikivizia vali kesho. Mtu mwenye nia mbaya ndiye anayepanga.

Nikiwa na karatasi ya tangi la namna hiyo, nilimwomba mhandisi wa vidhibiti anitajie kila kinga inafikiwa kutoka kompyuta ipi. Kipima cha kawaida? Mizani yake inarekebishwa kutoka kompyuta ya wahandisi. Kikomo cha king'ora? Kompyuta hiyohiyo. Programu ya mfumo wa dharura inapakiwa kutoka wapi? Akatazama mchoro, akanyamaza kidogo, akasema: "Hapohapo, bosi." Aliyeikamata kompyuta ile hana haja ya kusubiri miaka 10,000. Anaweza kudanganya kipima, kunyamazisha king'ora na kuilaza kinga ya mwisho katika zamu moja.

Wengine huniambia hizo ni hadithi za kutisha. Huwajibu kwa yaliyotokea Saudi Arabia mwaka 2017, kwenye kiwanda cha kemikali za petroli. Washambuliaji waliifikia kompyuta ya wahandisi, na kutoka hapo wakaingiza programu yao ndani ya vidhibiti vya usalama aina ya Triconex, vile vile vinavyotakiwa kuzima mtambo mambo yakiharibika. Vidhibiti viligundua hitilafu vikazima kiwanda, na uchunguzi uliofuata ndio ulioibua shambulio lenyewe, linalojulikana kwa jina la Triton. Kidhibiti kile kina swichi ya ufunguo usoni. Ikiwekwa RUN, programu haibadilishwi. Ilikuwa imeachwa PROGRAM. Ufunguo wa chuma, wa kuzungushwa kwa vidole viwili.

Na kwamba kinga mbili zinaweza kulala siku moja hata bila adui, tuliliona Buncefield, Uingereza, tarehe 11 Desemba 2005. Kipima kina cha tangi kilikwama wakati petroli inaingia. Swichi ya kina cha juu, iliyojitegemea, haikufanya kazi kwa sababu kishikio chake cha majaribio hakikuwa kimefungwa kwa kufuli linalokishikilia mahali pake. Petroli ikamwagika kutoka juu ya tangi, mvuke ukasambaa, ukalipuka. Pale uzembe uliangusha kinga mbili. Mshambuliaji anajua kuziangusha zote kwa makusudi, na kuchagua saa.

Kwa hiyo tathmini yangu ya ulinzi siku hizi haianzii kwenye orodha ya kompyuta. Inaanzia kwenye karatasi ileile ya HAZOP. Naongeza safu mbili tu pembeni. Kwenye kila sababu nauliza: inaweza kuletwa kwa amri inayopita kwenye waya? Kwenye kila kinga nauliza: inaweza kuzimwa kwa amri inayopita kwenye waya? Mstari ambao majibu yake yote ni ndiyo, na matokeo yake ni kifo, naupaka rangi nyekundu, na hapo ndipo fedha zinaanza kutumika. Vali ya kupunguza presha inayofunguka kwa springi haina anwani ya mtandao, na kwenye karatasi hii inapata heshima yake. Hali kadhalika ukuta unaolizunguka tangi.

Mtu wa hesabu atadai uwezekano. Shambulio litatokea mara ngapi kwa mwaka? Hapo sikubali kuandika namba. Uchakavu una takwimu. Nia mbaya haina. Ninachopima ni mahitaji: mtu anahitaji nini ili afanikiwe? Viwango vya IEC 62443, vya kimataifa vya ulinzi wa mitandao ya viwandani, vinasaidia hapa, kwa kuwa vina ngazi nne, kuanzia anayeharibu kwa bahati mbaya, kupita mwenye mbinu za kawaida, hadi mwenye ujuzi mahususi wa mitambo na rasilimali nyingi. Mstari mwekundu unaohitaji laptopu na nusu saa tu hauwezi kusubiri bajeti ya mwakani.

Halafu lazima kutembea. Michoro ya mtandao ni mizuri sana ofisini. Kwenye kiwanda kimoja nilifungua paneli ya kompresa nikakuta, juu ya reli, kijisanduku cheupe chenye antena na laini ya simu ndani, taa yake ya kijani ikimetameta. Hakikuwa kwenye mchoro wowote. Fundi mzee wa zamu ndiye aliyekumbuka: kilifungwa na waliouza kompresa wakati wa kuiwasha mara ya kwanza, ili wasaidie kwa mbali. Walishaondoka, chenyewe kikabaki kikipokea umeme na kusubiri kuitwa. Kutoka pale hadi PLC ya kompresa hakukuwa na nywila hata moja, kwa sababu mawasiliano yalikuwa ya Modbus, lugha iliyotoka mwaka 1979 na isiyomuuliza mtu jina. Ikiambiwa "andika", inaandika.

Wenzangu wa kompyuta nao nina neno nao, maana dawa zao nyingine ni sumu kiwandani. Nimewahi kuona uchunguzi wa kawaida wa mtandao, unaofanywa ofisini kila wiki bila tatizo, ukiigandisha PLC ya zamani katikati ya uzalishaji. Tangu siku hiyo nasikiliza tu mawasiliano yanayopita, sigusi kitu, na majaribio ya kugusa nayafanya mtambo ukiwa umesimama. Vilevile kufunga akaunti baada ya nywila kukosewa mara tatu. Kwenye barua pepe ni busara. Kwenye skrini ya opereta ambaye ving'ora vinamlilia na vidole vinatetemeka, ni kumfungia nje ya chumba kinachoungua. Skrini ya dharura nailinda kwa mlango wa chumba na kwa kujua nani yuko zamu. Marekebisho ya programu pia: ukibadilisha chochote ndani ya mfumo wa dharura, majaribio ya usalama yanarudiwa, kwa hiyo wakati mwingine ni salama zaidi kuacha tundu linalojulikana na kuliwekea ukuta mbele.

Kinga moja watu huisahau kwa sababu haina nyaya: mikono inayoujua mtambo. Tarehe 23 Desemba 2015 huko Ukraine, washambuliaji waliwakatia umeme wateja wapatao 225,000 kwa kufungua swichi za vituo kutoka mbali, huku opereta wakiona kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini zao. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni na kufunga swichi kwa mikono. Kwa hiyo swali langu jingine huenda kwa opereta: skrini zote zikizima sasa hivi, pampu hii utaizimaje, na mara ya mwisho ulifanya hivyo lini? Jibu likichelewa, nalo linaingia kwenye karatasi.

Lile tangi letu halikuhitaji mambo makubwa. Mfumo wa dharura ulipewa kompyuta yake, isiyounganishwa na kitu kingine. Ufunguo wa kidhibiti ukahamia kwenye sanduku la msimamizi wa zamu, na ukizungushwa kwenda PROGRAM taa inawaka chumba cha udhibiti. Na tukaongeza swichi ya boya ambayo waya wake unakwenda moja kwa moja kwenye kontakta ya pampu, ile swichi inayoipa pampu umeme, bila PLC, bila mtandao. Siku ya kuikabidhi fundi alipanda ngazi, akavuta kishikio cha majaribio, na pampu ikanyamaza. Akakirudisha, akapiga kufuli, kisha akaniita nipande nikivute mwenyewe kuhakikisha hakichezi.