Kabla Hujamwanzishia Mtoto wa Mbwa Nyama Mbichi

Malalamiko yanayofika idarani kwetu siku hizi yanafanana. Mtoto wa mbwa wa jamii ndogo, Chihuahua au Yorkshire Terrier, kaachishwa chakula chake akaanzishiwa nyama mbichi. Baada ya majuma machache anahara, anachechemea, au analia akishikwa mgongoni. Wenye mbwa hawa si wazembe. Wengi hukaa chini na kisu wakamkatia mnofu vipande vidogo vidogo, kimoja kimoja. Lakini mnofu mtupu haujengi mifupa.

Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na kwenye mnofu fosforasi huizidi kalsiamu zaidi ya mara kumi. Damu haivumilii upungufu wa kalsiamu, kwa hiyo mwili huichota mifupani. Nimewahi kushika picha ya eksrei ya mbwa wa miezi minne aliyevunjika mguu kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi. Mfupa ulikuwa umefifia hata haukutofautiana sana na nyama iliyouzunguka, na ganda lake lilikuwa jembamba kama karatasi. Alikuwa amelishwa mnofu safi kabisa. Tafadhali, usijaribu kurekebisha kwa kumjaza ini: vitamini A ikizidi nayo huharibu mifupa. Unga wa kalsiamu wa kukadiria kwa kijiko pia usimpe, kwani kalsiamu ikizidi hudhuru vilevile.

Hoja ya kwamba mbwa ni mbwa mwitu tu aliyefugwa, na kwa hiyo nyama mbichi yamtosha, tumeijibu mara nyingi, na tunaijibu tena. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Na huyo mbwa mwitu mwenyewe hali mnofu mtupu. Hula pia mifupa na viungo vya ndani vya windo lake.

Udogo wa umbo una hatari yake. Mbwa wa kilo moja hana akiba kubwa ya sukari mwilini. Akisusa chakula kipya kwa saa kadhaa, sukari hushuka: analegea, anatetemeka, anaweza kupata degedege. Ndiyo maana hatukubali ushauri wa kumshindisha njaa "mpaka azoee". Mpe milo mitatu au minne kwa siku, na badiliko lolote la chakula lichukue siku 7 hadi 10, ukianza na robo ya chakula kipya. Akilegea, mpake asali kwenye fizi na umkimbize kwa daktari wa mifugo.

Kuhusu vimelea, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya wanyama kati ya 2010 na 2012: 15 zilikuwa na Salmonella, 32 zilikuwa na Listeria monocytogenes, bakteria wanaoweza kuwaugua watu pia. Kugandisha hakuui bakteria hao, kunawalaza tu. Mbwa anaweza kuonekana mzima huku akitoa Salmonella kwenye kinyesi, kisha akamlamba mtoto usoni. Nyama mbichi ya nguruwe inaweza kubeba virusi vya Aujeszky, vinavyoshambulia mishipa ya fahamu, na mbwa akiupata ugonjwa huo hufa.

Ushauri wetu ni kusubiri hadi amalize kukua, yaani karibu mwaka mmoja kwa jamii ndogo. Hata hapo, chakula kipikwe, na vipimo viandikwe na daktari wa mifugo aliyebobea katika lishe.

Ukishuku chakula ulichonunua, usitupe mfuko. Piga picha namba ya bechi (fungu la bidhaa zilizotengenezwa pamoja) na tarehe ya mwisho wa matumizi. Chota kiasi kwa kijiko safi, kitie kwenye mfuko mpya, ukifunge na ukigandishe mbali na chakula cha watu. Chukua na kinyesi kwenye chombo chake, ukiandike tarehe na saa. Usimpe antibiotiki kabla sampuli haijachukuliwa, kwani huvuruga majibu ya maabara. Katika Umoja wa Ulaya hupimwa sampuli tano za gramu 25 kila moja, na moja tu ikikutwa na Salmonella, bechi hiyo hairuhusiwi kuuzwa. Bila namba ya bechi, hatuna pa kuanzia.